Ufanisi wa msukumo, na faida ya hewa iliyochoka

Injini ya ndege hutupa hewa nyuma ili ndege iende mbele. Si nguvu yote inayotiwa kwenye hewa hiyo inayoisogeza ndege. Nyingine huishia kwenye upepo unaoachwa ukikimbia nyuma ya mkia. Kiasi kinachofanya kazi, ukikigawa kwa nguvu yote iliyotiwa, ndicho ufanisi wa msukumo.

Kwa kawaida hesabu hii hufanywa kana kwamba injini inaruka peke yake. Lakini kuna bodi ya ndege, na hewa inayopita karibu nayo husuguana nayo hadi kufika mkiani ikiwa imepungua kasi, yaani imechoka. Uhondo uko hapo.

Tuseme ndege inakwenda mita 200 kwa sekunde. Ukipimia ndani ya ndege, kilo moja ya hewa safi inaingia kwenye injini kwa 200 na kutoka kwa 250. Gharama yake ni jouli (kipimo cha nishati) 11,250. Kilo nyingine imeshapunguzwa na bodi hadi 150. Kuifikisha 200 kunagharimu jouli 8,750 tu. Msukumo ni uleule, maana wenyewe hufuata tofauti ya kasi, ilhali nishati hufuata kasi iliyopigwa mraba. Kwa kila kilo, kazi inayoisogeza ndege ni 50 mara 200, yaani jouli 10,000. Igawe kwa gharama: ufanisi wa kwanza ni asilimia 89 hivi, wa pili 114! Hakuna sheria ya fizikia iliyovunjwa: bodi ndiyo iliyotumia nishati kuiburuta hewa ile, na injini inaokota sehemu yake. Anayetazama kutoka ardhini ataiona hewa hiyo imetulia tuli baada ya ndege kupita.

Meli hunufaika hivi tangu zamani, kwa kuwa pangaboi lake hukaa nyuma. Ndege nyingi hufanya kinyume. Injini huning'inizwa chini ya bawa, mbali na bodi, na kwenye ndege ya kivita F-16 mdomo wa kuingizia hewa umeachanishwa na tumbo la ndege ili hewa ya polepole ipite pembeni.

Sababu ni feni, yaani mapanga yanayozunguka mbele ya injini na kuvuta hewa ndani. Ikimeza hewa hiyo upande mmoja tu, kila panga lake hupita kwenye hewa ya polepole na kutoka tena kwa kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika. Hutetemeka, na chuma huchoka. Ndiyo maana katika mchoro wa ndege wa NASA, shirika la anga la Marekani, uitwao STARC-ABL, feni ya umeme imewekwa mkiani ikiizunguka bodi yote, hewa iliyochoka iingie pande zote kwa usawa kadiri iwezekanavyo.