Madaktari wa Kimaori: yanayosemwa na yalivyo

Mjadala kuhusu wanafunzi wa Kimaori, yaani wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, katika vyuo vya udaktari vya nchi hiyo haukosi kuzuka, na kila mara hoja ni zile zile. Tuzipime.

"Wanaingia kwa upendeleo, wanamaliza kwa kuhurumiwa."
Maneno haya ndiyo yanayoumiza kuliko yote, nayo si kweli. Chuo Kikuu cha Auckland kina mpango wa kudahili Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki, unaoitwa MAPAS, tangu 1972. Kazi yake ni udahili na msaada wa masomo: mwombaji anahojiwa, anapimwa hesabu na Kiingereza, na akionekana hajawa tayari anashauriwa apitie kwanza masomo ya matayarisho. Akishaingia, mtihani ni ule ule na alama ya kufaulu ni ile ile. Hakuna shahada ya udaktari iliyopunguzwa makali.

"Kwao sayansi haijazoeleka."
Mwishoni mwa karne ya 19, shule ya Te Aute huko Hawke's Bay, chini ya mwalimu mkuu John Thornton, iliwaandaa vijana wa Kimaori kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Humo ndimo alimosoma Māui Pōmare, aliyehitimu udaktari Marekani mwaka 1899, na Te Rangi Hiroa, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Otago, huko huko Nyuzilandi, mwaka 1904. Kisha mwaka 1906 tume ya serikali ikapendekeza shule hiyo iweke mbele kilimo na kazi za mikono. Yaani mlango uliokwisha kutoa madaktari ukaanza kurudishiwa, halafu wajukuu wanaulizwa mbona hawaingii! Nikisikia mtu akiuita msaada wa leo zawadi, namwambia asome habari za Te Aute. Hilo ni deni.

"Mpe nafasi na ada, basi."
Ada haimsaidii mtu anapofikia chumba cha kupasulia maiti. Kwa Wamaori maiti ni *tapu*, yaani ni kitu kitakatifu chenye mwiko: haiguswi ovyo, na msibani ndugu hukaa nayo usiku na mchana mpaka izikwe, haiachwi peke yake. Anayetoka makaburini hunawa au hujinyunyizia maji. Sasa kijana aliyelelewa hivyo anapewa kisu na kuambiwa afungue kifua cha mtu asiyemjua. Kutetemeka kwake si ushirikina wala woga wa damu. Anavunja jambo alilofundishwa tangu utotoni. Chuo cha Otago kimelielewa hili, ndiyo maana hufanyika ibada ya Kimaori katika chumba hicho kabla ya masomo kuanza. Anatomia haipungui hata ukurasa mmoja, na mwanafunzi anabaki darasani.

"Wanasomeshwa wakatibu watu wao tu."
Wanatibu yeyote anayefika. Lakini Wamaori huishi takriban miaka 7 pungufu ya wananchi wengine, kwa hiyo mgonjwa kumpata daktari anayemwelewa bila mkalimani wa mila si anasa.

Kuna jambo linalosahaulika: mwanafunzi huyu mmoja ndiye anayeitwa kuongoza sala, kutamka majina ya Kimaori ya wagonjwa, hata kuwaelimisha wahadhiri wake kuhusu mila, na jioni bado ana mtihani kama wenzake. Kazi hiyo ni ya mfanyakazi mwenye mshahara, na chuo kimwajiri.