Infraredi ya karibu: mashine inavyokadiria lishe iliyomo kwenye majani ya ng'ombe

Majani ya tembo yaliyokatwa yakiwa kimo cha kiuno na yale yaliyoachwa mpaka yakampita mtu, ukishayakatakata na kuyatia horini, yanakaribia kufanana. Tofauti iko ndani: kadiri yanavyokomaa, protini hupungua na nyuzinyuzi huongezeka. Protini ghafi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa naitrojeni, naye hula kidogo hata hori likiwa limejaa.

Njia ya zamani ya kujua protini ni ngapi ni kemia: kuchemsha sampuli kwa asidi, kupata naitrojeni, kisha kuizidisha kwa 6.25 ili kupata protini ghafi. Ni kazi ya saa nyingi. Spektroskopia ya infraredi ya karibu, yaani kusoma jinsi kitu kinavyomeza mwanga ulio jirani na ule tunaouona, hutoa jibu kwa dakika moja au mbili, bila kemikali. Karl Norris, mhandisi wa Idara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba inafaa kwa malisho.

Majani hukaushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi (ukizidisha sana, protini inagandamana na nyuzinyuzi), husagwa yapite kwenye chujio la milimita 1, kisha unga hujazwa kwenye kikombe chenye kioo. Kukausha kuna sababu: maji humeza mwanga wa mashine vibaya sana, hasa wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1450 na 1940, yakafunika mengine. Mashine huumulika unga kwa mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 780 hadi 2500, na kusoma kiasi kinachorudi. Haidrojeni iliyoshikana na naitrojeni, kama ilivyo kwenye protini, humeza sehemu yake. Iliyoshikana na oksijeni au kaboni, sehemu nyingine. Lakini alama hizo zinapandana. Kinachotoka ni mchoro wa vilima butu, na hakuna mtu wa kuutazama akasema "hapa protini ni asilimia 9".

Kwa hiyo mashine hufundishwa. Mamia ya sampuli hupimwa kwanza kwa kemia ileile ya zamani, na kompyuta hutafuta uhusiano kati ya michoro na majibu. Ndiyo maana neno "kupima" naona linaipa sifa kupita kiasi. Inakadiria, kama dalali wa mnadani anayetaja kilo za ng'ombe kwa jicho: amewaona maelfu, na mizani haimwumbui sana. Ila aliyezoea zebu wa mbugani, mletee Friesian uone anavyobabaika.

Mashine yenyewe haibabaiki, na hapo ndipo pana hatari. Iliyofundishwa kwa nyasi za Ulaya, ukiipa mabua ya mahindi itakutolea namba yenye desimali safi kabisa. Programu nzuri huonya kwamba sampuli iko mbali na zile inazozijua. Onyo hilo lisipuuzwe. Ukipeleka majani yako, iulize maabara imeifundisha mashine kwa malisho gani, na ya wapi. Madini kama kalsiamu na fosforasi bado ni ya kupeleka kwa mkemia, maana yenyewe hayana alama ya moja kwa moja kwenye mwanga huu.

Na kikombe hubeba gramu chache tu. Ukichuma ncha laini kwa sababu zinapendeza, jibu litakuwa la ncha, wakati ng'ombe wako anatupiwa shina zima.