Je, wajua? Kwa nini bandama iliyopasuka mara nyingi haitolewi

Bodaboda ikiteleza pale Kondele, Kisumu, na usukani ukamgonga mwendeshaji chini ya mbavu za kushoto, bandama (wengine husema wengu) imo hatarini. Kuna anayeinuka, akajipangusa vumbi, akalalamikia bega la kushoto tu. Bega lenyewe ni zima. Damu inayovuja ndani huchokoza msuli wa kupumulia ulio juu ya bandama, na neva ya msuli huo hutoka shingoni, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega, kwa hiyo maumivu husikika pasipo na jeraha. Baada ya ajali ya namna hiyo, bega ni habari ya tumbo.

Hospitalini, ultrasaundi inaonyesha damu tumboni. Ndugu wanangoja aingizwe thieta. Badala yake anawekewa dripu, presha inapimwa mara kwa mara, damu ya kundi lake inatafutwa na kuwekwa tayari, kisha analazwa chini ya uangalizi. Manung'uniko huanzia hapo: kiungo kimepasuka, mbona hakitolewi?

Wanaouliza hivyo hawajalitoa swali hewani. Kwa miongo mingi ndivyo madaktari wenyewe walivyofundishwa: bandama ikipasuka, itolewe yote. Mtu huishi bila bandama, jambo ambalo ni kweli, na kutoka hapo ikawa rahisi kuamini kwamba haina kazi ya maana. Wapasuaji pia waliamini kwamba haiwezi kupona yenyewe. Imani zote mbili zilianguka polepole. Mwaka 1952, Harold King na Harris Shumacker wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama na baadaye wakashikwa na maambukizi makali ya ghafla. Mwaka 1968 madaktari wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, wakachapisha taarifa za watoto waliopona bandama iliyopasuka bila kupasuliwa. Leo kwa watoto ambao presha yao imetulia, kungoja hufanikiwa kwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwa watu wazima hufaulu pia, ila si kwa kiwango hicho, hasa jeraha likiwa kubwa.

Kazi yenyewe ya bandama ni ya ajabu kidogo. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Ndani ya bandama hulazimika kupita kwenye nyufa zenye upana wa kama mikromita 1. Fikiria kijana anayejipenyeza kwenye ua wa miti uliosongamana kuzunguka boma. Akiwa mwepesi na mlaini wa mwili, hupita. Mzee aliyekakamaa hukwama, na seli iliyozeeka, baada ya siku 120 hivi, hukwama vivyo hivyo na kuliwa na seli za ulinzi. Kijana mwenye mzigo mgongoni hupita yeye, mzigo ukabaki umenaswa matawini. Ndivyo bandama inavyokifanyia kimelea cha malaria kilichouawa na dawa: hukichomoa, na seli huendelea na safari yake. Ndiyo maana asiye na bandama anaweza kumeza dawa, ikafanya kazi barabara, na bado hadubini ikaonyesha vimelea siku nyingi baadaye. Ni maiti tu. Hakuna wa kuziondoa.

Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi Timika, Indonesia, walichunguza bandama zilizotolewa, nyingi kwa sababu ya ajali. Ndani yake walikuta vimelea hai vya malaria kwa wingi mno, katika watu ambao hawakuwa wakiumwa. Aina ya vimelea iliyotia fora kule ni vivax, si falciparum iliyotawala kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo tusihamishe matokeo hayo Nyanza yote kwa yote.

Lakini malaria na bandama ni majirani wa zamani huku kwetu. Mkutano wa malaria wa Kampala mwaka 1950 uliamua kupima ukali wa ugonjwa katika eneo kwa kupapasa matumbo ya watoto na kuhesabu wenye bandama kubwa. Bandama iliyovimba hushuka chini ya mbavu, utando wake ukavutika, na pigo dogo huweza kuipasua.

Kungoja hakumaanishi kumwacha mgonjwa. Presha ikizidi kushuka, au tumbo likikakamaa, thieta haiepukiki, na pasipo na damu wala mpasuaji wa usiku, kungoja kwenyewe ni hatari. Muda wa kupumzika baadaye, wiki ngapi bila mpira wala bodaboda, ushahidi wake ni hafifu, madaktari hutofautiana.

Aliyetolewa bandama huhitaji chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo, neti kila usiku, na kukimbilia hospitali siku ileile anapopata homa. Wengine huwa na vipande vya bandama vilivyomwagika tumboni siku ya ajali, vikajipandikiza na kuota upya. Vipo kweli, na huonekana kwenye skani miaka mingi baadaye. Daktari akiviona, chanjo huziandika vilevile, kwani kinga ya vipande hivyo haitegemewi.