Usianze na Azimio la Haki za Binadamu la 1948, anza na maksi zilizopotea

Kila semista lazima nipigiwe simu na komredi fulani aliyechaguliwa mwenyekiti wa klabu ya haki za binadamu chuoni kwao, na swali huwa ni lile lile, tufanye nini watu waje? Wameshabandika mabango kila mahali, wamejaza grupu za WhatsApp, wamemleta wakili mzima kutoka Nairobi, halafu siku yenyewe ukumbini wako viongozi wa klabu, marafiki wa viongozi, na jamaa mmoja aliyeingia kuchaji simu. Mimi kazi yangu ni kulea vilabu kama hivi kwenye vyuo vya hapa Kenya, na nikisikia hiyo stori huwa nauliza kitu kimoja tu, mlikuwa mnawaitia nini?

Maana ukimwita mtu aje asikilize umuhimu wa haki za binadamu, umemrudisha darasani, na darasani ametoka asubuhi. Huyu mtu ana maksi za mwaka wa pili hazionekani kwenye mfumo, lekchara anasema alipeleka, idara inasema haijapokea, sekretari anamwambia arudi wiki ijayo na hiyo wiki ijayo haifikagi, na graduesheni inakuja. Sasa huyo huyo mwambie kwamba Kifungu cha 47 cha katiba ya 2010 kinamtaka kila mwenye ofisi kufanya uamuzi haraka na kwa kufuata utaratibu, na kwamba uamuzi ukimuumiza ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na kwamba iko sheria ya 2015 inayosimamia hayo mambo. Hatakuuliza kama kuna soda. Atakuuliza barua inaandikwaje.

Na hapo ndipo mimi huanzia, kwenye barua. Najua barua inaboa, watu wanataka megafoni, lakini sikia kwanza. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na kwa maoni yangu ndiyo silaha ambayo wanafunzi wameiacha kabatini kuliko zote. Raia yeyote anaandikia taasisi ya umma kuomba habari, anaandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi, halazimiki kueleza anaitaka ya nini, na kupeleka hilo ombi halipii, kama kuna gharama ni ya kutoa kopi. Wana siku 21 za kujibu. Wakisema habari ni nyingi sana wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikataa unaenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu wanaita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Na barua unaipeleka kwa nani? Kwa naibu chansela mwenyewe, kwa sababu kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari hata kama hajui (wengine kweli hawajui, na hiyo sura yao wakisomewa kifungu ni burudani tosha).

Kwa hivyo klabu inakaa pamoja jioni moja inaandika maombi mawili matatu. Ni wanafunzi wangapi walikosa maksi mwaka jana kwa kila idara, na ilichukua muda gani kuzipata. Sera ya chuo kuhusu unyanyasaji wa kingono iko wapi, tupeni nakala, na ni malalamiko mangapi yalipokelewa na mangapi yalifika mwisho. Pesa za kurekebisha hosteli zilitengwa kiasi gani. Andika tarehe, peleka nakala mbili, hakikisha ile yako imegongwa mhuri, piga picha. Bila mhuri hiyo barua haijawahi kuandikwa, amini mimi. Halafu hizo siku 21 ndizo zinaijenga klabu, watu wanahesabu, wanaulizana kwenye grupu wamejibu, bado, wamejibu, na ghafla una watu ambao wanangojea kitu pamoja. Jibu likija lina takwimu una kampeni, likikosa kuja pia una kampeni.

Chuo cha kibinafsi ni tofauti kidogo, hapo unashikilia Kifungu cha 35 cha katiba, kwamba habari iliyo kwa mtu mwingine unaweza kuidai kama unaihitaji kulinda haki yako, kwa hiyo lazima uonyeshe ni haki gani. Inawezekana, ila jipange.

Kitu kingine kinachovuta watu ni ukaguzi. Chukua futi kamba, simu na daftari, mzunguke kampasi nzima mkiwa na mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu, yeye ndiye kiongozi wa msafara, mnaandika kila jengo: kuna njia ya mteremko au hakuna, lifti inafanya kazi au imeandikwa mbovu tangu zamani, choo mlango una upana gani, maktaba anaingia na nani. Kifungu cha 54 cha katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, na kinataja lugha ya ishara na Braille, kwa hivyo ulizeni pia wanafunzi viziwi wana mkalimani au wanakopi noti za jirani. Nimeona hii kazi ikileta watu ambao hawangekuja kwenye mjadala hata uwalipe. Wanafunzi wa uinjinia wanakuja kwa sababu wanajua mteremko unatakiwa uwe vipi na wanapenda kusema fundi alikosea. Wa uuguzi wanakuja. Na hapa niseme jambo ambalo marafiki zangu wa sheria hawapendi, klabu iliyojaa wanafunzi wa sheria peke yao inakufa, maana mkutano wa kwanza wanapigania kanuni za mkutano na mafresha, wale wa mwaka wa kwanza, wanaona haya si mambo yao. Wa sheria muwe nao, tunawahitaji, ila mwenyekiti atoke kilimo au hisabati. Na patroni pia, yule mlezi wa klabu, usimchague yule lekchara anayeongea moto kwenye runinga, mchague mtulivu anayejua fomu hukwama meza gani.

Kuhusu unyanyasaji wa kingono sitapita haraka, kwa sababu ndilo jambo ambalo kila kampasi inalijua na hakuna anayelitaja. Maksi kwa mwili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamgusa mtu mwenye mamlaka anayerudia rudia kumtaka mtu huku akijua hatakiwi, na kifungo chake ni kuanzia miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000. Hilo neno kurudia ndilo linaamua kesi. Kwa hivyo kabla hamjapiga kelele kwenye mtandao fundisheni watu kuweka kumbukumbu, skrinishoti zenye tarehe, nani alikuwepo, aliniita ofisini saa ngapi, zihifadhiwe mahali pawili. Na tafadhali sana, klabu isimtaje mwathiriwa wala isimpeleke mbele ya kamukunji, ule mkutano wa wanafunzi wote, atoe ushuhuda, hata akikubali kwa hasira ya siku hiyo. Kazi yenu ni kumsindikiza, kumwonyesha mahali pa ushauri nasaha na wakili, halafu anaamua mwenyewe. Mnachoweza kusukuma kwa sauti kubwa ni sera: nani anapokea lalamiko, mtihani wa aliyelalamika unasahihishwa na nani wakati kesi inaendelea. Hilo la pili ndilo huwafungua watu mdomo, kwa sababu hofu yao kubwa iko kwenye karatasi ya mtihani.

Haya, sasa maandamano, maana najua mlikuwa mnangoja. Kifungu cha 37 cha katiba kinaruhusu kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Usalama wa Umma (Public Order Act) inataka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa angalau siku tatu kabla na zisizidi 14, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, huombi ruhusa, na polisi wengi wanajifanya hawaelewi tofauti kwa hivyo beba nakala yenye mhuri (mhuri tena, eeh).

Lakini mimi simwambii mtoto wa watu aende barabarani kama vile anaenda pikiniki. Historia yetu si ya mchezo. Titus Adungosi aliongoza SONU, chama cha wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Nairobi, akafungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akafia gerezani 1988. Wafula Buke, naye kiongozi wa SONU, alifungwa 1987. Solomon Muruli, kiongozi wa wanafunzi wa chuo hicho hicho, alikufa chumbani mwake kampasi ya Kikuyu 1997. Na usiseme hizo ni enzi za Moi, Evans Njoroge, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru, alipigwa risasi akafa Februari 2018 siku ya maandamano ya karo. Halafu ikaja Juni 2024, vijana wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 watu wakauawa, kesho yake rais akasema hautii saini, na miezi iliyofuata ikawa ni habari za watu kutekwa. Tangu hapo sina shida ya kuwaamsha wanafunzi, wameamka kitambo, shida ni kwamba mzazi akisikia neno haki anampigia mtoto simu usiku.

Kwa hivyo mpango wa usalama unakuja kabla ya bango. Mtu mmoja anabaki nje ya maandamano na orodha ya majina na namba za jamaa. Namba ya wakili inaandikwa mkononi kwa kalamu, simu huwa inachukuliwa. Kila mtu anajua Kifungu cha 49 cha katiba: uelezwe sababu ya kukamatwa, unyamaze ukitaka, uongee na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama kosa ni la faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita usiwekwe rumande. Orodha ya wanachama msiiweke kwenye gugo shiti iliyo wazi kwa dunia nzima. Na asiyetaka kuandamana asiitwe mwoga, ana barua za kuandika.

Posho. Mfadhili akija na nauli na tishati, watu wanajaa, mradi ukiisha wanaisha nao. Mimi huwaambia wachukue pesa za uchapishaji na za mkalimani wa lugha ya ishara, za kukaa kwenye viti wakatae. Najua ni ngumu kumwambia hivyo mtu ambaye mkopo wake wa HELB haujaingia na amelala njaa, na kuna siku chakula ni lazima kiwepo, basi pikeni githeri, kila mtu ale, lakini bahasha hapana.

Siasa za chuo nazo. Mabadiliko ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalileta uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi kupitia wajumbe, na kwa mfumo huo mwenye kutaka kiti anatafuta wajumbe wachache tu, na klabu yenu yenye watu wanaosikilizwa itaanza kutongozwa. Wekeni kwenye katiba ya klabu kwamba anayegombea anaachia cheo kwanza. Na kalenda pia, wiki za CAT, ile mitihani ya katikati ya semista, msiite mtu, Ijumaa mchana msiite mtu, na kama mnataka kuadhimisha Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, fanyeni Novemba, Desemba kampasi haina mtu.

Mwaka wa nne wakimaliza wanaondoka na paswedi ya barua pepe, faili za barua na namba ya yule sekretari mzuri wa idara. Wapeni mwaka wa pili hivyo vitu mapema, wakati wakubwa bado wapo hosteli na wanaweza kuulizwa hii barua ya Machi ilijibiwa au bado.