Makombe hayapigi kura: Macri, kutoka Boca hadi Jiji la Buenos Aires

Uchaguzi ukikaribia huku kwetu, viongozi wa klabu huanza kunitafuta. Kazi yangu ni utawala wa klabu za mpira: katiba, daftari la wanachama, mikutano mikuu na ugomvi wake. Wanachotaka kujua ni kama mtu aliyeongoza timu kubwa anaweza kuligeuza jina lake kuwa kura. Huwa nawarudisha kwa Mauricio Macri, maana yeye aliipita njia hiyo yote: rais wa Boca Juniors, klabu kubwa ya mpira ya Buenos Aires, kuanzia Desemba 1995 hadi 2007, Mkuu wa Serikali ya Jiji hilo (sawa na meya) hadi 2015, kisha Rais wa Argentina. Wengi wakishasikia hivyo wanatabasamu. Nikianza kuwapangia tarehe, tabasamu linapungua.

Mwaka 2003 Boca ilikuwa haikamatiki. Mwanzoni mwa Julai iliichapa Santos na kubeba Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa za Amerika Kusini. Desemba iliitoa AC Milan kwa penalti na kuwa bingwa wa Kombe la Mabara la klabu, la bingwa wa Ulaya dhidi ya bingwa wa Amerika Kusini. Katikati ya furaha hizo mbili, Macri aligombea kuliongoza jiji. Akaongoza duru ya kwanza, lakini Septemba, kwenye duru ya pili, Aníbal Ibarra aliyekuwa madarakani akamwangusha kwa asilimia 53 na ushei. Ulikuwa mmoja wa miaka mitamu kabisa kwa mashabiki wa Boca, na rais wao alikosa kura za kutosha mjini kwao.

Sasa njoo 2007. Tarehe 20 Juni Boca iliifunga Grêmio kule Porto Alegre, Brazil, kiungo wao Riquelme akitupia mabao yote mawili, na Libertadores ikarudi nyumbani. Siku nne baadaye, tarehe 24, Macri alishinda jiji kwa karibu asilimia 61. Watu wa mpira huliunganisha hilo na lile haraka sana. Wanasahau kwamba duru ya kwanza ilipigwa tarehe 3 Juni, kabla ya fainali, na tayari alikuwa na karibu asilimia 46 dhidi ya 24 hivi za Daniel Filmus aliyemfuata. Kombe lilimkuta mtu ambaye keshamaliza kazi.

Kilichobadilika kati ya chaguzi hizo mbili hakikutokea uwanjani. Usiku wa tarehe 30 Desemba 2004 ukumbi wa muziki wa República Cromañón uliwaka moto, watu 194 wakafa. Maswali yakahamia kwa serikali ya jiji: nani alikagua ukumbi ule, nani alifumbia macho? Machi 2006 Ibarra akaondolewa madarakani na Bunge la Jiji. Naibu wake, Jorge Telerman, akashika nafasi na 2007 akagombea, hivyo kura za upande wao zikagawanyika kati yake na Filmus. Wakati huo wote Macri hakukaa kusubiri. Alijenga chama, akaingia bunge la taifa 2005, na 2007 akamchukua Gabriela Michetti kuwa mgombea mwenza, mwanamke aliyependwa hata na watu ambao Macri mwenyewe hawakutaka kumsikia.

Je, Boca haikumsaidia kitu? Ilimsaidia, tena sana, ila si kwa njia ambayo viongozi wetu wanaifikiria.

Boca si kampuni. Ni chama cha wanachama, kama klabu nyingi za Argentina: unalipa ada, unapata kadi, unapiga kura. Aliyekuwa rais wa Boca amekwishapita kwenye kampeni, amepambana na kambi ya upinzani na amesimama mbele ya wanachama kuwasomea mahesabu. Na kwa Macri kulikuwa na faida nyingine. Baba yake, Franco, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi ile, na mtoto wa tajiri akienda kuomba kura mitaa ya kusini mwa Buenos Aires, watu wanamwangalia viatu kwanza. Klabu ilimpa miaka kumi na miwili ya kuonekana La Boca, mtaa wa klabu hiyo, bila kuonekana mgeni. Kitu hicho fedha ya kampeni haikinunui.

Ilimfundisha pia kudharauliwa hadharani na kesho yake kurudi kazini. Aprili 2001, kwenye dabi dhidi ya River Plate, Riquelme alipiga penalti, kipa akaipangua, mpira ukarudi, akaumalizia kwa kichwa. Hakwenda kwa mashabiki nyuma ya goli. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama kulielekea jukwaa alilokuwa Macri, akaweka viganja nyuma ya masikio yote mawili, akatulia hivyo. Walikuwa kwenye mvutano wa mkataba, na uwanja mzima ulielewa anachosema. Septemba mwaka huohuo ikawa zamu ya kocha, Carlos Bianchi, aliyekuwa ametangaza kwamba hataongeza mkataba. Macri aliingia kwenye mkutano wake na waandishi wa habari bila kutarajiwa, akakaa kando yake, akamtaka aeleze sababu mbele ya kamera. Bianchi akainuka, akatoka, akamwacha rais wake na vipaza sauti. (Mimi hapo niko upande wa kocha. Mambo ya mkataba yana ofisi yake.) Macri alimeza yote mawili, na 2003 Bianchi alikuwa amerudi kwenye benchi la Boca.

Ila jiji si klabu. Klabuni, fedha zikipungua, unauza mchezaji: Walter Samuel alikwenda Roma, Riquelme Barcelona, Tevez Corinthians. Timu ikiyumba, kocha anafukuzwa na kelele zinatulia kwa muda. Macri alipoingia ofisi ya jiji hakuwa na cha kuuza, na vitu vingi ambavyo wananchi walidhani ni vyake havikuwa vyake. Buenos Aires ilikuwa changa katika kujitawala. Hadi 1996 kiongozi wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Wa kwanza kuchaguliwa na wakazi alikuwa Fernando de la Rúa. Polisi wa mitaani walikuwa wa serikali kuu, treni za chini ya ardhi vilevile, na serikali kuu ilikuwa mikononi mwa wapinzani wake. Ilibidi aunde polisi wa jiji, nao wakaanza doria 2010. Treni zilikuja mikononi mwa jiji 2013.

Nikiangalia alichokitanguliza, naona mtu wa mpira yuleyule: kitu kinachoonekana na kinachokamilika kabla ya uchaguzi ujao. Njia za mabasi yaendayo haraka, Metrobus, zilianza barabara ya Juan B. Justo 2011, na 2013 zikawekwa katikati kabisa ya barabara kuu ya 9 de Julio. Waliopanda mwendokasi wa Dar wanajua kitu hicho kinavyobadilisha asubuhi ya mtu. Lakini makazi ya maskini hayana sherehe ya kukata utepe kila msimu. Desemba 2010 familia zisizo na pa kuishi zilivamia bustani ya Indoamericano kusini mwa jiji, ghasia zikazuka, watu wakauawa, na Macri akaunyooshea kidole uhamiaji usiodhibitiwa. Uwanjani unaweza kufunga geti tiketi zikiisha. Jiji halina geti, na aliyelala bustanini naye ni wako, hata akiwa shabiki wa River.

Desemba 2023, akiwa keshaonja hata urais wa nchi, alitaka kurudi Boca, safari hii kama makamu wa Andrés Ibarra, meneja wake wa zamani wa klabu aliyekuja kuwa waziri wake (usimchanganye na Ibarra wa 2003). Aliyekuwa upande wa pili wa kura ni Riquelme, yuleyule wa viganja nyuma ya masikio. Wanachama zaidi ya 43,000 walijitokeza, na takriban theluthi mbili wakamchagua Riquelme. Kwa hiyo hata njia ya kurudi, kutoka siasa kwenda klabu, jina peke yake halikuifungua.

Turudi huku kwetu, ambako kuna jambo ambalo kesi ya Macri inalificha. Yeye alichaguliwa na jiji zima moja kwa moja. Tanzania meya anachaguliwa na madiwani wenyewe, kati yao. Shabiki wa Yanga wa Kinondoni na wa Temeke wanaweza kukupenda mpaka basi, lakini siku ya kumchagua meya hawamo ukumbini. Ndiyo maana Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu yenye mashabiki nchi nzima, 2015 aliomba kura za kata moja, Mbagala Kuu, akawa diwani. Ismail Aden Rage wa Simba alipita njia ya ubunge, Tabora Mjini. Hata Moïse Katumbi wa TP Mazembe, ambaye Lubumbashi nzima ilimjua, alipopata ugavana wa Katanga 2007 kura zilipigwa na wabunge wa jimbo.

Basi kiongozi wa klabu akiniambia anautaka umeya wa jiji, sianzi na makombe yake. Namuuliza kata gani, wajumbe wa chama chake kwenye kata hiyo anawajua wangapi kwa majina, na nani mwingine kati ya madiwani watarajiwa anaitaka nafasi hiyohiyo.