Dozi ya ganzi ya mgongo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji

Mama anapoingizwa thieta kujifungua kwa upasuaji, iwe Hospitali ya General hapa Dodoma mjini au hospitali ya kule Mvumi, mara nyingi hapewi nusu kaputi bali sindano ya ganzi ya mgongo. Ndugu wakija kusikia kwamba mama mnene na mama mwembamba wamechomwa dozi inayokaribiana, hushangaa. Wamezoea dawa ya malaria, inayopimwa kwa kilo.

Ganzi hii haifanyi kazi kupitia damu. Huchomwa kiunoni, kwenye maji yanayozunguka neva za uti wa mgongo, na la muhimu ni imepanda mpaka wapi. Mkato uko chini ya kitovu, lakini ganzi lazima ifike usawa wa chuchu, kwa kuwa utando wa ndani ya tumbo hupeleka maumivu kwenye neva za juu zaidi. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi humpitishia mama pamba yenye spiriti kuanzia mapajani kwenda juu, akiuliza: "Mama, hapa unasikia baridi?"

Ujauzito wenyewe hupunguza dozi. Mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, vijishipa vya kandokando ya uti wa mgongo hujaa, maji yale hubaki na nafasi ndogo, na dawa hupanda kirahisi. Homoni za mimba nazo hufanya neva zishikwe na ganzi upesi.

Dawa inayotumika sana ni bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, iliyotiwa glukosi ili izame. Kichupa cha mililita 4 kina miligramu 20. Mama hupewa takribani miligramu 10 hadi 12.5. Fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu, ikiongezwa, bupivakaini inaweza kupunguzwa.

Dozi ikizidi, presha hushuka, mama hutapika, damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Ganzi ikipanda mno, mikono hulegea na pumzi hukata. Ikipungua, mama anapasuliwa huku akiumia. Kwangu mimi, kupunguza dozi kupita kiasi kwa kuogopa presha kushuka si usalama: presha inashughulikiwa kwa dripu, efedrini (dawa ya kupandisha presha) na kumlaza mama akiinamia kushoto.

Kuvutwa na kusukumwa tumboni atakusikia, hilo ni kawaida. Akisikia maumivu aseme papo hapo, na daktari asimamishe kisu kwanza.