Riale ya Sham na ule mwaka 1780

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Kijana kanunua kidani cha riale, ile sarafu ya fedha ya zamani, pale mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, zawadi ya mama mkwe, kaambiwa ni kitu cha mwaka 1780 maana mwaka umeandikwa hapo hapo. Kufika nyumbani, shemeji yake kafungua simu, kasoma kwamba riale nyingi zenye mwaka huo zilipigwa baadaye, kaja juu: "Umeuziwa feki!" Wakaniletea mimi sonara niwaamulie. Muuzaji kakosea na shemeji kakosea, na kosa la shemeji ndilo linaloniuma zaidi.

Maria Theresia, aliyetawala Austria, alifariki Novemba 1780. Sarafu yake, ndiyo hii tunayoiita riale ya Sham, ilikuwa imeshazoeleka Uhabeshi na Uarabuni, na watu walikataa sura nyingine yoyote. Walihesabu hata lulu za ile bruchi, pini ya pambo, ya begani: zisipotimia tisa, rudisha. Basi Vienna wakaendelea kuipiga chapa na mwaka ule ule, marehemu akiwa kaburini. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini ilichukua mihuri ya kupigia kwa ajili ya vita vya Uhabeshi. Waingereza nao wakaanza kuipiga London mwaka 1936, kisha Bombay wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vienna wanaipiga hadi leo.

Kwa hiyo 1780 ni sehemu ya sura, kama pua na mtandio. Umri haumo.

Lakini iliyopigwa baadaye si feki! Nalirudia hili kila wiki. Riale ya London ina fedha ile ile, sehemu 833 katika 1000, na uzito ule ule wa gramu 28 na chembe. Bibi zetu walioipeleka kwa sonara ikayeyushwa ikawa vikuku hawakuuliza imepigwa wapi, waliuliza ni fedha au si fedha. Feki ni ile ya shaba nyeupe au ya risasi iliyopakwa juu. Hiyo ipo, na inauzwa meza moja na ya kweli.

Weusi usikudanganye. Funga fedha mpya kwenye kopo pamoja na yai la kuchemsha lililomenywa na kukatwa, kesho itakuwa nyeusi kama ya kaburini. Sumaku nayo inasaidia kidogo tu, kwa sababu shaba na risasi hazivutwi. Tazama ukingo: lazima uwe na maandishi ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyojitokeza. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya sonara, isawazishe isome sifuri, ining'inize riale kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Isome karibu gramu 2.75. Shaba yenye uzito huo huo itapita 3.

Bei naipita haraka: gramu 28 na chembe za riale zina fedha safi kama gramu 23.4. Uliza bei ya fedha siku hiyo. Kinachozidi ni kazi ya mikono na mapatano yenu.

Kuhusu kiwanda kilichoipiga, vitabu vinakutaka uhesabu manyoya ya mkia wa tai aliye nyuma ya sarafu. Mimi sithubutu. Riale iliyosuguliwa na kifua cha mtu miaka hamsini hainiachii manyoya ya kuhesabu, na nimewahi kusema "London" kwa kujiamini, nikaja kuonyeshwa nyingine safi nikaona nimekosea. Tangu hapo nasoma kipete, yaani kile kipete kilicholehemiwa cha kupitishia mkufu. Lehemu ya zamani, tundu lililoliwa na mkufu upande mmoja, uso uliolainika nyuma kuliko mbele: hapo najua imevaliwa. Mkusanya sarafu ataikimbia kwa sababu ya ile lehemu. Anayetafuta zawadi aitafute hiyo hiyo.

Ya kijana yule ilikuwa fedha, na kipete chake kimelika vizuri. Nimemwambia ampelekee mama mkwe, na asitaje 1780. Amwambie kuna mwanamke aliyeivaa sana kabla yake.